Abiria wa Krijn

Keria ya Krijn ilikuwa imelowa.

Leuntje aliliona hilo kwa sababu alikuwa nyuma yake, gurudumu lake la mbele likikaribia kugusa la nyuma la mwenzake, wakikingana upepo kama walivyozoea. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku tisa. Njia ya juu ya tuta la bahari ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka, na kondoo walikuwa wamejilaza pembeni wakitweta kwa joto. Lakini kwenye keria ya Krijn, ile ya chuma nyuma ya kiti, ambayo asubuhi ile hakuifungia mzigo wowote, maji yalikuwa yakidondoka tone baada ya tone, yakiacha mstari mweusi vumbini.

"Krijn! Chupa yako inavuja?"

"Chupa iko mbele, dada. Na imekauka kama koo langu."

Leuntje akavuta pumzi. Harufu iliyomjia ilikuwa ya matope maji yanapokupwa, ya chumvi na magamba ya kome, na chini yake harufu nyingine aliyoijua kutoka kazini: ya nguo iliyoachwa majini siku nyingi mpaka ikaoza. Akajiambia ni bahari tu. Mkoa wote wa Zeeland unanuka bahari, utamlaumu nani?

Walikuwa watatu, na safari hii waliifanya kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Juni: kilomita mia na arobaini juu ya matuta na vijia vya mashambani, alfajiri hadi jioni. Krijn Boogert alikuwa na miaka hamsini na minane, thelathini kati yake kaimaliza kwenye meli za kuchimba mchanga. Mtu mwenye mabega kama mlango na kicheko cha kuamsha mtaa. Miaka miwili nyuma walimpasua kifua wakamrekebisha moyo, na hii ilikuwa safari yake ndefu ya kwanza tangu hapo. Izak alikuwa mwalimu wa fizikia, mwembamba kama spoki, mwenye kidude kwenye usukani kinachopima kila kitu hadi idadi ya mizunguko ya pedali. Leuntje mwenyewe alikuwa muuguzi wa kuzunguka majumbani, akiwaogesha na kuwadunga sindano wazee wa vijiji sita. Ndiyo maana asubuhi ile, mlangoni, Tannetje mke wa Krijn alimshika mkono wa koti.

"Nirudishie huyu mtu akiwa mzima, Leuntje. Wale wawili ni vichwa maji. Nakuachia wewe."

"Nitamrudisha," Leuntje alisema.

Saa nne walikuwa wamepumzika kwenye ngazi za mawe za Ellemare. Kijiji chenyewe hakipo. Bahari ilikimeza usiku mmoja, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na maji yakipwa unaona mstari wa matofali tu katikati ya matope, kama meno ya chini ya mtu mzee. Walikula maandazi ya mdalasini yanayonata vidoleni, wakamcheka Izak na kidude chake, wakainuka. Krijn alikuwa wa mwisho kupanda baiskeli. Leuntje alimsikia akisema kwa sauti ya mzaha, "Panda basi, mama, usiogope! Nimeshabeba wazito kuliko wewe." Akacheka, wao nao wakacheka, wakaondoka.

Sasa ilikuwa imepita nusu saa, na Krijn hakuwa akicheka tena.

"Mzee," Izak aliita kutoka mbele, akigeuza kichwa, "mbona unasukuma pedali kama mtu anayepanda mlima?"

"Mlima gani? Huku mlima wetu ni upepo."

"Upepo uko mgongoni mwetu, bwana. Tangu Ellemare unatusukuma."

Krijn akainamia usukani, akasukuma. Leuntje akatazama tairi yake ya nyuma. Ilikuwa imebonyea chini, mpira umetanuka pande zote mbili, kama baiskeli iliyopakia gunia la viazi.

Wakasimama. Izak akachutama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Ngumu kama jiwe. Akazungusha gurudumu, likazunguka bila kukwama. Akaikagua breki, mnyororo, kila kitu, kisha akainyanyua baiskeli nzima kwa mkono mmoja.

"Haina kitu. Nyepesi kama ndege. Hebu tubadilishane, mzee, panda yangu."

Wakabadilishana. Izak akaenda na ya Krijn kama mtu aliyeachiwa huru, keria ikakauka juani papo hapo. Na Krijn alipokaa juu ya ile ya Izak, ambayo haina hata keria, tairi ya nyuma ikabonyea taratibu mbele ya macho ya Leuntje, na maji yakaanza kutiririka kwenye chuma cha kiti.

Izak aliliona hilo pia.

Leuntje akamshika Krijn mkono kutafuta mapigo. Yalikuwa ya kawaida, pengine ya haraka kidogo. Lakini ngozi ilikuwa baridi, baridi ya samaki kwenye barafu, juani, saa tano ya asubuhi, mwezi wa sita.

"Leuntje," Krijn alinong'ona bila kugeuka. "Pale ngazini. Ni wewe uliyesema 'nipakie', si ndiyo?"

"Mimi sikusema neno, Krijn."

"Sauti ya mwanamke. Nyuma yangu kabisa. Nilidhani unanitania."

"Mimi nilikuwa mbele yako. Na Izak alikuwa mbele yangu."

Krijn akageuka. Macho yake ya buluu, yaliyozoea kucheza, yalikuwa yametulia kama ya mtoto anayesubiri kipigo.

"Basi kuna mtu amenishika kiuno," alisema. "Kwa mikono miwili. Usiniulize zaidi."

Hawakuwa mbali na kivuko. Ni boti ndogo bapa inayovusha watembea kwa miguu na baiskeli kwenye mkono mwembamba wa bahari, na mwenye kuiendesha alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, Jikke Wisse, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Walimkuta amekaa kwenye kibanda akimenya viazi. Izak alikuwa tayari ameshapiga simu ya gari la wagonjwa. Wakamwambia dakika arobaini, kwa sababu barabara ya mashambani ilikuwa inachimbwa. Leuntje akaona afadhali wamvushe Krijn, ng'ambo kuna barabara kuu.

Izak akapanda botini na baiskeli, boti ikacheza kidogo. Leuntje akapanda. Krijn akaweka mguu mmoja, kisha wa pili, na boti ikazama upande ule hadi maji yakaingia juu ya ukingo.

Jikke akaweka kisu chini.

"Tokeni," alisema. "Wote. Sivushi wanne."

"Mama, tuko watatu," Izak akasema, na sauti yake ilikuwa na ukali wa mtu anayeogopa.

"Baiskeli tatu, watu wanne. Kuhesabu najua, kijana. Nimefanya kazi hii miaka hamsini." Hakuwa akimtazama Izak. Alikuwa akitazama kidogo nyuma ya bega la Krijn, kisha akayaondoa macho haraka, kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe. "Mlipumzika Ellemare. Nani alimjibu?"

Krijn akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ee Mungu," bibi akasema. "Na mwili wote huo."

Wakamkalisha kwenye benchi la kibanda. Na benchi lililowakalisha wasafiri kwa miaka mingi likalia kama linataka kukatika. Jikke akawavuta Leuntje na Izak pembeni, akazungumza chini chini. Alisema yule ni wa Ellemare, wa tangu usiku ule wa mafuriko, na kwamba watu wa zamani walikataza kusema na mtu usiyemwona ukiwa juu ya lile tuta. Zamani alidandia farasi na mikokoteni. Siku hizi baiskeli. Enzi za babu yake Jikke alipandwa mwokaji mikate. Walimkuta chini ya baiskeli yake, njia kavu, jua linawaka, na mapafu yake yamejaa maji ya chumvi.

"Anazidi kuwa mzito," Jikke alisema. "Huanza mzito kama mwanamke. Mwisho anakuwa mzito kama bahari."

"Na dawa yake?" Leuntje akauliza.

"Wa zamani walijaribu kumtupa. Walimpiga kwa matawi, kwa maombi, walimvusha maji. Hatupwi. Anateremka akitaka yeye."

Kutoka kwenye benchi Krijn akakohoa. Maji yakamtoka mdomoni, yakamwagika kifuani kwenye kovu la upasuaji, si mate wala matapishi, maji ya kijivu yenye mchanga. Akajaribu kuvuta pumzi, ikasikika kama mtu anayevuta soda ya mwisho kwenye chupa.

Izak akaangalia saa. "Bado dakika ishirini na tano," alisema, akaanza kulia bila kujitambua.

Leuntje akapiga magoti mbele ya Krijn. Alikuwa anaogopa, lakini miaka yote ile ya kuingia kwenye nyumba za wagonjwa ilikuwa imemfundisha jambo moja: mtu anayeng'ang'ania hakuachi kwa kuvutwa. Unamuuliza anachotaka. Akaelekeza uso wake kwenye lile bega, akafumba macho, akasema kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa vikongwe vyake kila asubuhi:

"Mama. Unakwenda wapi?"

Upepo ukakata. Hata ndege wa matopeni wakanyamaza. Kisha mdomo wa Krijn ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, iliyokwaruzwa na chumvi.

"Kwa mtoto."

Jikke akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Miaka yote hii," alinong'ona. "Hakuna aliyemuuliza."

"Mtoto yuko wapi, mama?"

"Alibaki."

Leuntje akaelewa. Usiku ule mtu fulani mwenye farasi au mkokoteni alimpakia yeye peke yake, akamteremsha juu ya tuta mahali pakavu, na mtoto akabaki kule chini. Alirudi kumchukua, nyumba ikamwangukia kabla hajamfikia. Na tangu siku hiyo kila aliyempakia alimpeleka mbele, mbali zaidi na Ellemare.

"Maji yamegeuka," Jikke alisema, akitazama mkono wa bahari. "Njia ya kwenda kwenye matofali itafungwa baada ya saa moja. Ni kilomita kumi na moja kurudi. Dada, sikiliza. Ukimfikisha, usigeuke. Wala usimjibu tena."

Leuntje akaishika baiskeli yake, akakaa juu ya kiti, mguu mmoja chini.

"Mama," alisema, "muache huyo, amechoka. Panda kwangu. Nakupeleka kwa mtoto."

Krijn akaanguka mbele, akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka kutoka kilindini. Na viungo vyote vya baiskeli ya Leuntje vikalia kwa pamoja. Mikono miwili ikamzunguka kiunoni, ikafungamana juu ya kitovu, na maji ya baridi yakapenya fulana yake mpaka mgongoni.

Akakanyaga pedali.

Kilomita mbili za mwanzo alizimudu kama mtu aliyempakia mtu. Upepo sasa ulikuwa unamjia usoni, na nyuma yake, mbali, alimsikia Izak akimfuata na kumwita, lakini hakuthubutu kumjibu yeyote. Kondoo waliokuwa wametapakaa juu ya tuta wakainuka kabla hajawafikia, wakajipanga pande zote mbili za njia, wamempa migongo. Kilomita ya tano, kichwa kikamlalia begani, nywele zilizolowa zikamgusa shingo, na yule abiria akaanza kuimba kwa pua, bila maneno, sauti ya chini tu inayokwenda na kurudi kama kitanda cha mtoto kinachobembezwa, na Leuntje akajikuta miguu yake inafuata mwendo wa wimbo ule, ikipanda na kushuka, mapaja yanawaka moto, macho yanaona weusi pembeni, na kila mzunguko wa pedali ulikuwa kama kuvuta ndoo kutoka kisima kisicho na mwisho, na uzito ukaongezeka, na ukaongezeka tena, si uzito wa mwanamke tena bali wa nguo zake zilizolowa, na wa mlango aliokuwa ameushika, na wa paa lililomwangukia, na wa bahari yote iliyokuja nyuma ya paa, mpaka Leuntje akawa analia kwa sauti na kusema na Tannetje ambaye hakuwepo, nitamrudisha, nitamrudisha, na alipofungua macho akaona ngazi za mawe.

Baiskeli ikaanguka. Yeye hakuanguka. Ile mikono ilikuwa imehama kiunoni ikamkumbatia shingo, miguu miwili ikamkaba nyonga, na akashuka nayo ngazi moja moja, akaingia matopeni. Yalimfika vifundoni, kisha magotini. Maji yalikuwa tayari yanakuja kupitia vijito, kimya, na povu jembamba mbele. Hatua mia moja hadi kwenye matofali. Baadaye hakukumbuka hata moja.

Akapiga magoti kwenye mstari wa matofali, kama mtu anayeteremsha mzigo.

"Umefika, mama."

Mikono ikafunguka. Wepesi uliomjia ulikuwa karibu umuue. Aliangukia uso, akainuka kwa viganja. Na nyuma yake ikaanza sauti, ya vidole vinavyochimba matope, haraka, haraka, kama mbwa anayefukua mfupa, na kila vidole vilipopata kitu kigumu vilisita, vikaendelea. Leuntje hakugeuka. Alianza kwenda, maji yanampiga mapajani, akitazama ngazi tu.

Uchimbaji ukakoma.

Kisha ile sauti ya mwanamke kijana ikasema sikioni mwake, karibu kabisa, kwa upole:

"Mchukue."

Leuntje akauma midomo mpaka ikatoa damu. Hakujibu. Akasonga mbele, mkono wa kulia ukafa ganzi kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, na maji yalipomfika kifuani, Izak akawa amelala kifudifudi kwenye ngazi ya chini, amenyoosha mikono, akamdaka mkono wa kushoto, akamvuta.

Alimvuta hadi juu ya tuta. Kisha akamwachia ghafla, kama aliyeshika sufuria ya moto, akarudi nyuma hatua tatu. Midomo yake ilikuwa myeupe. Leuntje alidhani ni uchovu.

Krijn alitoka hospitali baada ya siku mbili. Walimkuta na maji ya chumvi mapafuni, kadiri ya bilauri moja, na akawaambia aliteleza mferejini. Hakuna aliyemuuliza ni mfereji gani wenye maji ya chumvi. Tannetje alikuja kwa Leuntje na keki ya tufaha, akamkumbatia jikoni kwa muda mrefu. Moyo wa Krijn ulikuwa mzima. Jioni alikaa bustanini na kucheka kicheko chake, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu ngazi iliyowahi kuvunjika.

Izak ndiye aliyepotea. Hakupokea simu, hakujibu ujumbe. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita. Leuntje alirudi kwa wagonjwa wake. Mkono wa kulia haukupata joto, akawa anavaa glavu moja, na wazee wakamtania kwamba ana bwana wa siri aliyempa glavu ya mkono mmoja tu.

Septemba alimvizia Izak nje ya geti la shule, akamwambia, "Leo unakuja kunywa kahawa kwangu." Akaja. Alikaa mezani mchana kweupe, madirisha wazi, na hakugusa kikombe.

"Nimekukosea nini, Izak?"

"Hujanikosea."

"Basi ni nini? Nilikuwa karibu kufa pale, ukanivuta. Halafu ukanikimbia kama mwenye tauni."

Izak akazungusha kijiko. Alikuwa amekonda zaidi, na hilo lilikuwa jambo ambalo Leuntje hakudhani linawezekana.

"Mimi nilikuwa naangalia," alisema hatimaye, chini chini. "Bibi alikukataza wewe kugeuka. Mimi hakunikataza. Nilikushika mkono wa kushoto, Leuntje. Wa kulia ulikuwa umeshikwa."

Leuntje akautazama mkono wake wenye glavu juu ya meza.

"Umeshikwa na nani?"

"Mdogo. Miaka mitatu, minne. Amejaa matope, sikuona uso. Nilipokuvuta, niliwavuta wawili. Alipanda ngazi zote pamoja na sisi, mguu mmoja, mguu mwingine, kama wanavyopanda watoto." Akafuta uso kwa kiganja. "Mama yake alibaki kule chini. Alikuwa anatupungia mkono."

Nje gari la maziwa likapita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitumaini ataondoka mwenyewe."

"Na hakuondoka?" Leuntje akauliza, na sauti yake ikawa ndogo sana. "Izak. Yuko wapi sasa?"

Izak alikuwa ameinamisha macho sakafuni, na polepole, kwa uangalifu, akaivuta miguu yake nyuma chini ya kiti, kama mtu anavyofanya mtoto anapotambaa kupita chini ya meza.